Intaneti Dhaifu Nyumbani: Namna ya Kubaini Chanzo Kabla ya Kulipia Zaidi, Mbeya na Iringa

Data inayosafiri kwa nyuzi za mkongo kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, umbali unaozidi kilomita 800, huhitaji takriban milisekunde 4 tu kufika. Katika nyumba nyingi safari hiyo ndefu hukamilika bila tatizo. Kinachosumbua ni mita chache za mwisho, kutoka ruta iliyopo sebuleni hadi simu iliyopo chumbani, ambako mawimbi ya Wi-Fi hukutana na kuta za matofali ya kuchoma, tangi la maji, mabati na ruta za majirani.

Mita hizo chache zina gharama. Mwanafunzi anayejaza ombi la mkopo wa elimu ya juu katika mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), mhitimu anayewasilisha maombi kupitia Ajira Portal, na mfanyabiashara anayeshiriki zabuni katika mfumo wa NeST, wote hufanya kazi zenye tarehe ya mwisho. Mtandao unapokatika wakati wa kutuma, hasara ni yao. Wengi huamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi au kununua kifaa cha kuongeza mawimbi, na hali hubaki ileile kwa kuwa chanzo cha tatizo hakikutafutwa.

Makala haya yanaeleza namna mwananchi wa Mbeya, Iringa na maeneo jirani ya Nyanda za Juu Kusini anavyoweza kubaini tatizo lipo wapi, kurekebisha yaliyo ndani ya uwezo wake bila gharama au kwa gharama ndogo, na kudai haki yake pale tatizo linapokuwa kwa mtoa huduma.

Mtandao wa nje na mtandao wa ndani

Serikali ilianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009. Mkongo huo, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), unahudumia mikoa ya Iringa na Mbeya na kuunganisha nchi jirani, ikiwemo Zambia kupitia Tunduma na Malawi kupitia Kasumulu. Jijini Dar es Salaam mkongo huunganishwa na nyaya za baharini, zikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010.

Kutoka kwenye mkongo, huduma humfikia mwananchi kwa waya wa faiba unaoingia ndani ya nyumba, kwa antena inayofungwa juu ya paa, au kupitia minara ya kampuni za simu. Sehemu hiyo yote, kuanzia baharini hadi kwenye ruta, ni mtandao wa nje. Uimara wake ni jukumu la watoa huduma.

Wi-Fi ni kitu kingine. Ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta na kuishia ndani ya nyumba au uani. Simu inaweza kuonesha alama kamili ya Wi-Fi ilhali hakuna intaneti, kwa sababu alama hiyo hueleza mawasiliano kati ya simu na ruta pekee. Vilevile, nyumba inaweza kupokea intaneti ya kasi ifikapo kwenye ruta, kisha chumba cha mwisho kikakosa huduma.

Tofauti hiyo ilidhihirika tarehe 12 Mei, 2024, pale hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilipopunguza kwa kiwango kikubwa huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku hiyo hakuna kuhamisha ruta wala kubadili nywila kungeweza kurejesha huduma. Kinyume chake, kwa nyumba ambayo mawimbi yake yamezuiwa na ukuta, hakuna kifurushi kikubwa kitakachouvunja ukuta huo.

Kipimo cha kwanza: kutenganisha chanzo

Hatua ya kwanza ni kupima kasi katika sehemu tatu, kwa kutumia simu au kompyuta moja, na kwa programu moja ya kupima kasi.

Kwanza, mtumiaji asimame mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, pasipo ukuta kati yake na ruta, apime kasi na kuandika matokeo. Pili, aende katika chumba chenye tatizo na kupima tena. Tatu, ikiwa ana kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao, aiunganishe moja kwa moja na ruta kwa waya na kupima kwa mara nyingine.

Matokeo husomwa hivi:

- Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta lakini mbaya chumbani, tatizo ni Wi-Fi ndani ya nyumba. Kifurushi kikubwa hakitasaidia.
- Kasi ikiwa mbaya karibu na ruta lakini nzuri kwa waya, tatizo bado ni Wi-Fi. Mara nyingi ni mwingiliano wa mawimbi au ruta iliyopitwa na wakati.
- Kasi ikiwa mbaya hata kwa waya, tatizo lipo kwenye ruta yenyewe au kwa mtoa huduma.

Vipimo hivyo virudiwe asubuhi, mchana na kati ya saa 2 na saa 4 usiku, wakati watu wengi huwa nyumbani. Huduma inayokuwa nzuri alfajiri na mbaya usiku huashiria msongamano, ama wa watumiaji wa mtoa huduma huyo, ama wa ruta za majirani. Kabla ya kupima, vifaa vingine vinavyopakua video au masasisho vizimwe ili visichukue sehemu ya kasi.

Jambo moja huwachanganya wengi. Watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali ukubwa wa mafaili huoneshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hupakua takriban megabaiti 2.5 kwa sekunde. Anayeona 2.5 pale alipotarajia 20 hajapunjwa.

Kwa wateja wa faiba, kisanduku kilichofungwa na fundi kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka au kumweka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki, na hakuna marekebisho ya Wi-Fi yatakayosaidia. Mteja aangalie kama waya mwembamba wa faiba umekunjwa kwa kona kali au umechomoka, asiufungue wala kuusafisha mwenyewe, kisha atoe taarifa kwa mtoa huduma.

Kusoma nguvu ya mawimbi

Mistari ya Wi-Fi kwenye kioo cha simu si kipimo cha kuaminika, kwani kila mtengenezaji huipanga kwa namna yake. Kipimo sahihi ni dBm, ambacho huonekana katika programu tumizi za kuchunguza Wi-Fi zinazopatikana bila malipo kwa simu nyingi za Android. Namba hizo huwa hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu.

Kwa matumizi ya nyumbani, hasi 50 ni nzuri sana. Hasi 67 hutosha kwa mkutano au usaili wa video. Kati ya hasi 70 na hasi 80 kurasa hufunguka kwa kusuasua, na chini ya hasi 85 mawasiliano hukatika mara kwa mara. Kipimo hiki hakipandi kama rula: kila pungufu la 3 ni nusu ya nguvu iliyokuwepo, na kila pungufu la 10 huacha sehemu moja kati ya kumi. Chumba kinachosoma hasi 70 hupokea nguvu mara 100 pungufu ya sebule inayosoma hasi 50.

Mtumiaji akizunguka nyumba nzima na kuandika namba ya kila chumba kwenye mchoro wa karatasi, ataona mawimbi yanapoanguka ghafla. Hapo ndipo penye kizuizi.

Kuta, mabati na maji

Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hujengwa kwa matofali ya kuchoma, yakapigwa lipu ya saruji pande zote. Ni nyumba imara na zinazohifadhi joto katika miezi ya baridi, lakini kuta zake hula mawimbi. Ukuta mmoja wa matofali unaweza kuacha robo tu ya nguvu ya mawimbi ya gigahezi 2.4. Kuta mbili za namna hiyo huacha sehemu moja kati ya 16. Zege lenye nondo huzuia zaidi.

Pembe ambayo mawimbi hupita nayo huongeza tatizo. Mawimbi yanayoukabili ukuta moja kwa moja hupita unene wake wa kawaida, lakini yanayopita mshazari hulazimika kusafiri ndani ya tofali kwa urefu mkubwa zaidi. Ndiyo maana chumba kilicho kona ya pili ya nyumba huweza kukosa mawimbi ingawa hakiko mbali kwa hatua.

Chuma hakipunguzi mawimbi tu, bali huyarudisha yalikotoka. Mabati ya paa, mageti, milango ya chuma, makabati ya chuma, jokofu na vioo vikubwa vya kujitazamia, ambavyo huwa na rangi ya madini nyuma yake, vyote hufanya kazi hiyo. Chumba cha uani kilichozungushiwa mabati hakitapata Wi-Fi ya nyumba kubwa kwa urahisi, hata kikiwa mita 10 tu kutoka kwenye ruta.

Maji nayo hunyonya mawimbi. Tangi la lita 1,000 lililosimama kati ya ruta na chumba ni kizuizi kikubwa, na ukuta uliolowa kwa mvua huzuia kuliko ukuta mkavu.

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo na yana msongamano. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa na nafasi zaidi, lakini huchoka mapema na hushindwa na kuta. Televisheni na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta zitumie gigahezi 5, na simu zilizo vyumba vya mbali zitumie gigahezi 2.4.

Mwingiliano: pale mawimbi yanapogongana

Mawimbi ya Wi-Fi hutumia masafa ambayo vifaa vya nguvu ndogo vilivyothibitishwa huyatumia kwa pamoja, bila kila nyumba kuomba leseni yake. Nafuu hiyo ina sharti lake: hakuna mtumiaji mwenye haki ya kuyamiliki, na kila mmoja hulazimika kuvumilia kelele za mwenzake.

Masafa ya gigahezi 2.4 hugawanywa katika chaneli 13, lakini chaneli hizo zimepangwa kwa kubanana. Umbali kati ya chaneli moja na inayofuata ni megahezi 5, ilhali ruta moja huhitaji takriban megahezi 20. Ruta iliyo chaneli 3 humwingilia aliye chaneli 1 na pia aliye chaneli 6. Kwa sababu hiyo, chaneli zinazoweza kufanya kazi bila kuingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11.

Katika nyumba za kupanga na hosteli za wanafunzi zilizo jirani na vyuo, kama vile Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mkoani Iringa, kila chumba kinaweza kuwa na ruta yake. Ruta 10 zikigawana chaneli tatu, foleni haiepukiki. Hata hivyo, foleni ina utaratibu: ruta zilizo chaneli moja husikilizana na kupokezana. Ruta iliyojificha chaneli 4 kwa kudhani imepata upenyo haisikilizwi wala haisikii vizuri. Hugeuka kelele kwa wenzake, nao hugeuka kelele kwake.

Hatua inayofaa ni kutumia programu ya kuchunguza Wi-Fi kuona chaneli zinazotumika jirani, kisha kuchagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye ruta chache au zenye mawimbi dhaifu zaidi. Upana wa chaneli katika gigahezi 2.4 uwekwe megahezi 20, na si 40. Wapangaji wa nyumba moja wakikubaliana kugawana chaneli tatu, au wakachangia huduma moja iliyosambazwa vizuri kwa waya, wote watapata nafuu.

Vifaa vingine huchangia mwingiliano. Jiko la maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takriban gigahezi 2.45, kwa nguvu ya mamia ya wati, ilhali ruta ya nyumbani hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Uvujaji mdogo wa maikrowevu, ulio salama kwa afya, hutosha kuvuruga Wi-Fi iliyo karibu. Kamera za ulinzi zisizo na waya na spika za Bluetooth hutumia masafa hayohayo. Diski ya nje iliyochomekwa kwa USB ya kizazi cha tatu inaweza pia kutoa kelele katika gigahezi 2.4, hivyo isikae kando ya antena ya ruta.

Kifaa cha zamani ni mzigo wa aina nyingine. Simu au kompyuta inayotumia teknolojia ya Wi-Fi ya mwaka 1999, yenye kikomo cha megabiti 11 kwa sekunde, hushika zamu kwa muda mrefu ili kutuma kiasi kidogo cha data, na vifaa vipya husubiri nyuma yake.

Mvua, radi na kukatika kwa umeme

Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua hunyesha kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, wananchi wengi huhusisha mvua na udhaifu wa Wi-Fi. Kwa umbali wa ndani ya nyumba, matone ya mvua hayana athari ya maana kwa gigahezi 2.4 au 5. Athari hutoka kwingine: kuta kulowa, maji kuingia katika viungio vya nje, umeme kukatika, na mawasiliano ya minara inayotumia masafa ya juu zaidi kupungua nguvu. Jioni ya mvua pia huwakuta watu wengi ndani wakitumia mtandao kwa wakati mmoja.

Radi ni hatari ya kweli kwa vifaa. Nyuzi za kioo za faiba hazipitishi umeme, lakini adapta ya ruta imechomekwa ukutani, na mshtuko wa umeme huingilia hapo. Wakati wa radi, adapta ichomolewe kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Mwenye huduma ya waya wa simu wa shaba auchomoe waya huo pia. Waya wa mtandao wa shaba unaopita nje kutoka nyumba kubwa hadi nyumba ya uani unaweza kuleta mshtuko pande zote mbili. Kwa eneo hilo, faiba fupi ni salama zaidi.

Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 9 au 12, hivyo betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huweza kuiendesha kwa saa kadhaa umeme unapokatika. Volti ya betri lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye adapta.

Ruta za laini katika miji ya milima

Kwa anayetumia ruta ya laini ya simu, mawimbi ni ya aina mbili: yanayotoka kwenye mnara hadi kwenye ruta, na yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye simu. Kila moja lipimwe peke yake.

Sura ya ardhi huamua mengi. Mji wa Iringa umekaa juu ya mwinuko, ilhali Ipogolo ipo bondeni karibu na Mto Ruaha Mdogo. Jiji la Mbeya limetandaa chini ya Mlima Loleza, likiwa na vilima na mabonde kati ya mitaa yake. Nyumba mbili zilizo umbali sawa na mnara zinaweza kupata huduma tofauti kabisa, moja ikiwa inauona mnara na nyingine ikiwa nyuma ya kilima. Misitu minene, hasa majani yakiwa yamelowa, nayo hupunguza mawimbi ya minara.

Ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao mara nyingi hufunguliwa kwa anwani ya 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, huonesha kipimo kiitwacho RSRP. Kikiwa hasi 90 au karibu zaidi na sifuri, mawimbi ya mnara ni mazuri. Kikishuka chini ya hasi 110, ni dhaifu. Ruta ijaribiwe katika madirisha ya pande zote za nyumba, dakika chache kila dirisha, na iwekwe penye kipimo bora. Ikiwa dirisha hilo lipo mbali na vyumba, suluhisho ni kuiacha ruta hapo na kupeleka waya ndani hadi kwenye kifaa cha pili cha Wi-Fi, badala ya kuirudisha ruta katikati ya nyumba ambako haiupati mnara.

Marekebisho kwa kufuata gharama

Yasiyo na gharama yaanze:

1. Ruta ihamishiwe katikati ya nyumba, juu ya kabati la mbao au rafu iliyo urefu wa mita 1.5 hadi 2. Isiwekwe sakafuni, nyuma ya televisheni, juu ya jokofu wala ndani ya kabati la chuma.
2. Antena zisimamishwe wima. Mawimbi ya antena iliyosimama husambaa kando mfano wa tairi lililolazwa. Antena iliyoelekezewa chumba husika kama mkuki hukipa chumba hicho mawimbi machache zaidi. Kwa nyumba ya ghorofa, antena moja ilazwe.
3. Ruta izimwe na kuwashwa, na programu yake isasishwe.
4. Chaneli na upana wake vipangwe kama ilivyoelezwa. Mipangilio ya nchi isibadilishwe, kwa kuwa ndiyo inayoelekeza masafa na nguvu zinazoruhusiwa.
5. Nywila ya Wi-Fi na ile ya mipangilio ya ruta zibadilishwe, ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na orodha ya vifaa vilivyounganishwa ikaguliwe. Wakati mwingine kasi huishia kwa jirani aliyepewa nywila miaka miwili iliyopita.

Yenye gharama ndogo yafuate. Waya wa mtandao, unaofaa hadi mita 100, ndiyo njia ya uhakika ya kuvuka kuta za matofali. Televisheni au kompyuta isiyohamishwa ikiunganishwa kwa waya, Wi-Fi hubaki kwa simu. Ruta ya zamani iliyo nzima inaweza kuwekwa upande wa pili wa waya na kupangwa itoe Wi-Fi tu.

Ripita, yaani kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena, hununuliwa na wengi na kuwekwa vibaya. Ikiwekwa katika chumba chenye mawimbi dhaifu, hurudia udhaifu huohuo. Nafasi yake ni katikati ya njia, ambapo kipimo bado ni hasi 65 au bora zaidi. Ripita inayotumia masafa yaleyale kupokea na kurusha hupunguza kasi kwa takriban nusu. Nyumba kubwa hufaa zaidi kwa mfumo wa vifaa viwili au vitatu vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, hasa vikiunganishwa kwa waya.

Tahadhari inahitajika kwa vifaa vinavyouzwa kama viongeza nguvu vya mtandao wa simu. Vifaa hivyo huingilia masafa yaliyotolewa kwa leseni kwa kampuni za simu na vinaweza kuvuruga huduma ya mtaa mzima. Vifaa vya mawasiliano vinavyotumika nchini vinapaswa kuwa vimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Tatizo likiwa kwa mtoa huduma

Vipimo vikionesha kuwa kasi ni mbaya hata kwa waya, mteja ana msingi wa kulalamika, na kumbukumbu alizoandika ndizo nguvu yake. Maneno kwamba mtandao ni mbaya hayamsaidii fundi wala mteja. Orodha yenye tarehe, saa, kasi iliyopimwa kwa waya, kasi iliyolipiwa, hali ya taa za kifaa na namba ya taarifa iliyotolewa na huduma kwa wateja ni ushahidi.

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake, lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Mteja asiporidhika na majibu, huliwasilisha TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Aidha, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC) huwatetea watumiaji na kuwapa elimu kuhusu haki zao.

Utaratibu huo humlinda mwananchi anayefika akiwa amepima. Fundi akiitwa kwa tatizo la ukuta, ataondoka akiwa ameacha kasi ileile. Lalamiko lenye vipimo vya siku kadhaa vilivyochukuliwa kwa waya halitajibiwa kwa ushauri wa kuzima na kuwasha ruta.

Mwenye ombi la mkopo, ajira au zabuni asisubiri siku ya mwisho kujua hali ya mtandao wake. Kupima sehemu tatu, mara tatu kwa siku, hakuhitaji fundi wala fedha. Karatasi yenye namba hizo ndiyo itakayoonesha iwapo panapohitajika ni kuhamisha ruta, kununua waya wa mita chache, au kwenda kwa mtoa huduma kudai kile kilicholipiwa.